Taa ya Diski Ikipepesa, Msikimbilie Kufomati

Kuna ushauri utausikia Musoma mjini na utausikia tena ukishuka Bunda, na kwa maoni yangu unaangamiza miswada kuliko mchwa: "Hiyo diski imekufa, tupige Windows upya." Hutolewa kabla swali lolote halijaulizwa. Mwandishi anaeleza kwamba laptopu yake ya mtumba, yenye Ubuntu, imetulia mezani, hajafungua chochote cha maana, lakini kila baada ya sekunde chache taa ya diski inapepesa na kitu kinakwaruza ndani kwa mapigo. Jibu: virusi. Au: diski. Dawa ni ileile.

Mafundi siwalaumu sana, wana foleni. Nawalaumu watu wa vitabu. Tunaweza kukesha tukibishana juu ya mkato mmoja katika shairi, halafu mashine iliyobeba kazi yetu yote ikitoa ishara, tunaipeleka kibandani bila kuisoma hata kidogo. Huo ni usomaji gani, jamani?

Hebu tuisome. Ubuntu, usipoielekeza vingine, huipanga diski kwa mfumo wa mafaili uitwao ext4. Mfumo huo una daftari lake. Mangi mwenye duka, anapokukopesha sukari, anaandika kwanza ndipo anakupimia. Kukitokea vurugu katikati, daftari linajua. Ndivyo ext4 inavyofanya na mabadiliko ya mafaili, ili umeme ukikatika ghafla mfumo uweze kujinyoosha utakapowaka. Karani wa daftari hilo anaitwa jbd2, na kwa kawaida hufunga hesabu kila sekunde 5. Mapigo mnayoyaogopa mara nyingi ni hayo tu.

Lakini karani haandiki bila mteja. Ndiyo maana kumwona jbd2 na kusema "nimempata mchawi" ni kusoma nusu ukurasa. Nani anamletea kazi? Fungua programu ya iotop, uiagize ionyeshe wanaoandika tu na ijumlishe kadiri dakika zinavyokwenda. Pengine ni Firefox, ambayo huhifadhi orodha ya kurasa ulizofungua kila sekunde 15 hivi kama kuna kilichobadilika. Pengine ni programu inayojaza taarifa zake za kila dakika. Funga moja moja, tazama taa.

Na kama diski ni mpya, tupu, umeipanga leo tu? Hapo iotop inaweza kukuonyesha jina ext4lazyinit. Siku hizi ext4 haikuchelewishi kwa kusafisha majedwali yake yote wakati wa kupanga diski. Kazi hiyo huifanya baadaye, taratibu, kipande kwa kipande, ikipumzika kila baada ya kipande ili isikusumbue. Kupumzika huko ndiko kunakozaa mdundo. Ikimaliza, imemaliza. Ukiifomati kwa hasira, unaianzishia kazi upya!

Wapo na nusu-fundi, hawa ndio wanaonikera zaidi, wanaoshauri daftari lizimwe kabisa ili diski "ipumue". Kwa umeme wetu huu? Laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa, umeme ukikatika imezimika palepale. Kusogeza sekunde 5 ziwe 60 kunapunguza kelele kweli, ila unakubali kwamba dakika nzima ya maandishi yako inaweza kwenda na maji.

Nitaambiwa haya si mambo ya fasihi. Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, unavuka kwa kivuko kwenda Ukerewe, kwao Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili ilitoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 karatasi zile zilisubiri mchapishaji, na zilisubirika. Sasa chukua rekodi za wazee wa Kizanaki zilizochukuliwa Butiama, hadithi za Kikurya, za Kijita, zote ndani ya laptopu moja isiyo na nakala popote. Hizo hazisubiri. Mchana mmoja wa "tupige Windows" unazitosha, na mzee aliyesimulia huenda keshazikwa.

Diski inayokufa kweli haina adabu ya mapigo ya sekunde 5. Mafaili yanagoma kufunguka, kunakili kunakwama katikati, mfumo unaandika makosa ya kusoma, na smartctl inaonyesha sehemu mbovu zikiongezeka. Ukiona hayo, acha uchunguzi, nakili kwanza kinachonakilika, ukianza na vile ambavyo hakuna mtu mwingine anavyo. Kisha nenda kwa fundi, na kabla hajashika bisibisi mwambie wazi: usifomati.