Jiko Likae Nje: Kuhusu Kulala Kwa Gari Kuukuu Msimu wa Baridi

Wadau, Julai imeingia na zile klipu zimeanza. Unazijua. Gari la zamani limeegeshwa pahali pa ukungu, mlango wa nyuma umefungwa, shuka la Maasai, vikombe viwili vya chai, na katikati hapo kwa sakafu jiko la makaa linawaka jekundu safi. Muziki wa polepole. Komenti zote ni mioyo na "nipelekeni na mimi".

Mimi leo siweki moyo. Maoni yangu ni haya: kupiga kambi kwa gari kuukuu wakati wa baridi ni kitu kizuri, hakihitaji pesa nyingi, na vijana wengi hapa Kenya wanaweza kukifanya. Lakini hiyo picha ya jiko ndani ya gari lililofungwa inaweza kuua mtu, na sisi tunaotengeneza kontenti tunafaa kuacha kuipiga. Hata kama ni ya sekunde tano. Hata kama jiko lilitolewa nje kamera ilipozimwa.

Kabla mtu aseme mimi ni mwoga wa baridi, acha nijitambulishe kwa wale wageni. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Mimi na marafiki wawili tulichanga tukanunua matatu iliyostaafu, viti vilikuwa vimeshang'olewa, rangi imechunika, asubuhi injini inakohoa kama babu. Hiyo ndiyo studio yetu na ndiyo chumba chetu cha kulala tukitoka Nairobi. Tumelala Limuru, tumelala Kinangop, tumelala Timboroa. Baridi ya huko hatukusimuliwa.

Na baridi tunayo, msidanganywe. Ni kweli theluji hapa ni ya kule juu Mlima Kenya tu. Lakini kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka takriban nyuzi 6. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kinangop inapita mita 2,500, Timboroa inapita 2,700. Sasa chukua baridi ya Julai inayokufanya uvae jaketi Nairobi, halafu ipunguzie nyuzi tano au sita. Hapo ndipo unataka kulala ndani ya bati.

Tena si Julai peke yake. Julai mawingu hufunika jua siku nyingi, kwa hivyo gari halipati nafasi ya kupata joto mchana. Januari na Februari ni kinyume. Mchana jua linachoma, lakini usiku anga ikiwa wazi joto lote linapaa, na asubuhi huko Nyandarua unaweza kukuta sakitu, ile barafu nyeupe nyembamba, imeunguza majani ya viazi. Mtu anaenda na nguo za kiangazi kwa sababu mchana ulikuwa moto, saa tisa usiku anaanza kutafuta kitu cha kuwasha.

Hapo ndipo jiko linaingia.

Hebu tuelewane kuhusu jiko. Makaa yakishika vizuri hayatoi moshi, na watu wengi hudhani hatari ni moshi. Hatari ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho. Ukiivuta inashika damu pahali pa oksijeni, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unaanza kuumwa na kichwa. Unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Sasa fikiria umeendesha gari saa nne, umekula, umefunga blanketi. Kichwa kikiuma utasema ni safari. Usingizi ukija utasema ni uchovu. Hakuna kitu ndani ya hiyo gari kitakachokuamsha.

Kila msimu wa baridi tunasikia kwa redio habari za familia iliyokutwa haijaamka, nyumba imefungwa, jiko liko kando ya kitanda. Na hiyo ni nyumba. Nyuma ya matatu ni padogo kuliko hata bedsita. Hewa mnayogawana ni kidogo sana.

Najua mtaniambia nini. "Si unaacha dirisha wazi kidogo?" Msee wangu, upenyo mdogo hauwezi kutoa gesi yote ambayo jiko linatengeneza usiku kucha, na huwezi kupima kwa pua kama umetosha. Halafu tuseme ukweli: saa tisa usiku upepo ukiingia kwa hilo dirisha, nani hatalifunga? "Gari yangu ni kuukuu, imejaa mashimo, hewa inapita." Sawa, na usiku wa kwanza wa baridi kali utaziba hayo mashimo na matambara. Wote tunafanya hivyo.

Kuna na wale wanaoacha injini ikinguruma ili hita ya gari ifanye kazi. Kwa gari la miaka mingi, ekzosi imeliwa na kutu, raba za milango zimepasuka, sakafu ina vitundu. Moshi unatoka chini na kurudi ndani, nawe umelala juu yake. Kule kwenye nchi za theluji huwa mbaya zaidi, kwa sababu theluji ikirundikana nyuma ya gari inaziba bomba la moshi, na watu wamekufa ndani ya magari yao hivyo.

Sasa hii picha tuliitoa wapi? Tuliitoa nje. Mwaka 2011 Mmarekani anayeitwa Foster Huntington aliacha kazi New York, akanunua Volkswagen ya 1987 akaanza kuishi ndani yake, akipiga picha na kuziwekea alama ya vanlife. Dunia nzima ikaiga. Sina shida na kuiga. Shida ni kwamba tuliiga kile kinachoonekana kwa picha, na vitu vinavyomweka mtu hai kwa picha havionekani.

Ukiona mtu Canada au Norway amelala kwa gari na nje kuna theluji, na yeye amevaa fulana, mara nyingi chini ya sakafu kuna hita ya dizeli. Hiyo hita huvuta hewa yake ya kuchoma kutoka nje, na moshi wake hutoka nje kwa bomba lake. Moto na hewa unayopumua havikutani kabisa. Ukutani kuna kengele ya kaboni monoksaidi, na kuta zenyewe zimejazwa vitu vya kuzuia baridi. Lile jiko la kuni unaloona kwenye video zao lina bomba linalopita kwenye paa. Sisi tumeweka jiko la makaa pahali pa hivyo vyote.

Na wengine huko Marekani wanaoishi kwa magari hawapigani na baridi hata kidogo. Wanaikimbia. Majira ya baridi yakifika maelfu huelekea kusini, jangwani Quartzsite, Arizona. Kama umeona filamu ya Nomadland, ile iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, umewaona. Wengi wao ni wazee walioshindwa na kodi ya nyumba, hawakwenda kutafuta likes. Kwa hivyo ukijisikia mnyonge kwa sababu umeamua kutolala Kinangop mwezi wa saba, usijali. Hata hao wenyewe huhama.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya meseji. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniandikia: "Buda, jiko ya saizi gani itatoshea kwa gari? Naenda na dem wangu na kasista kangu ka miaka tisa." Alikuwa ameona klipu, si yangu, akadhani jiko ni sehemu ya vifaa, kama godoro. Nilimpigia simu hapo hapo. Tuliongea dakika arubaini. Nimebaki nikijiuliza ni wangapi waliona hiyo klipu na hawakuuliza mtu.

Na pesa nazijua pia. Mwezi wa tano kuna kampuni ilinitafuta, ikataka video ya sekunde thelathini: gari letu, usiku, milango imefungwa, bidhaa yao ikiwaka ndani. Nikapendekeza tupige nje, kando ya gari, mlango wazi. Wakasema haileti ile hisia. Nilikataa, kazi ikaenda kwa mwingine. Malipo yake yangetulipia kodi ya miezi miwili, kwa hivyo siongei kama mtu asiyejua kwa nini watu hukubali.

Basi joto litoke wapi? Linatoka kwako. Mwili wako ndio hita, kazi yako ni kuzuia joto lisitoroke.

Anza na chini. Baridi kubwa haitoki juu, inatoka kwa sakafu ya chuma. Tandika katoni, halafu povu la godoro, ndipo blanketi. Watu huleta blanketi nne za kujifunika na kulala juu ya kitu chembamba kama chapati.

Nguo ni Gikomba. Jaketi za theluji ziko huko kwa bei ambayo mwenyewe aliyeivaa Ulaya angelia. Tafuta soksi za sufu na mavin ya kichwa. Zile nguo ulizotembea nazo mchana zitoe, hata kama unaziona kavu, kwa sababu jasho lililobaki ndani litakutesa usiku.

Kula vizuri kabla ya kulala, githeri, mukimo, kitu kizito. Chemsha maji, tia kwa chupa isiyovuja, ivalishe soksi, weka miguuni. Hiyo chupa imetufanyia kazi kuliko kitu kingine chochote. Na nenda haja ndogo kabla ya kuingia, mazee. Ukijibana usiku kucha hutalala, na ukitoka saa nane utarudi na baridi yote ya Nyandarua.

Madirisha mawili, moja kila upande, yaache wazi kidogo hata bila jiko. Pumzi zenu watu watatu zikigonga kioo zinakuwa maji, maji yanadondokea blanketi, na blanketi lenye unyevu halina maana. Gari lenye hewa baridi kavu ni afadhali kuliko gari lenye jasho.

Kupika, pikeni nje. Gesi pia ni moto, nayo ikae nje. Mkimaliza, jiko libaki huko huko mpaka makaa yawe majivu baridi.

Kule Kinangop huwa tunaomba ruhusa kwa guka mmoja tulale kwa shamba lake, tunamletea sukari na majani. Mara ya kwanza alitucheka sana. "Mmetoka Nairobi kuja kutafuta baridi? Sisi hii tunaipata bure." Halafu jioni akaja kuangalia tumejipangaje, akaona jiko letu liko nje kwenye mawe. Akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri, wajukuu. Hata kwangu jiko halilali ndani." Huyo mzee ameishi na hiyo baridi zaidi ya miaka sabini na hana haja ya klipu ya mtu.

Wengine watasema naharibu raha ya watu. Raha iko. Ukiamka Kinangop saa kumi na mbili, ukafungua mlango wa nyuma, ukungu umelala bondeni na ng'ombe wa watu wanapumua moshi, utanielewa. Lakini lazima uamke kwanza.

Kwa wenzangu wenye kamera, ombi langu ni moja. Msimu huu, jiko likionekana kwa video yako, lionekane nje, na mlango wa gari uwe nyuma yake. Mwali wa moto unapendeza zaidi gizani hata hivyo. Na kama una ile klipu ya zamani bado iko juu, ishushe leo. Mtu akikuuliza ilienda wapi, mtumie hii.