Tusiwasingizie Korongo

Katika mdahalo wa muhula huu, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema kwamba korongo weupe watuao mashambani kwetu kila mwezi wa Novemba yafaa wafukuzwe kwa mawe, kwa sababu ndege wahamao hutuletea bakteria sugu kutoka Ulaya. Alishangiliwa sana. Nilipoinua mkono nimjibu, kengele ililia, kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi hapa.

Aliyoyasema si uongo mtupu. Mwaka 2008 wataalamu kutoka Uswidi walitangaza kwamba walipima ndege 97 huko Siberia, Alaska na Greenland, nchi za baridi kali ambako watu ni haba, wakakuta baadhi yao wana bakteria wa tumboni wasiouawa na dawa tuzitumiazo sisi. Hebu fikiri, msomaji. Nani aliyempiga sindano ndege wa Siberia? Ndege wengi wa huko huzalia kaskazini tu. Majira ya baridi huruka kwenda mabara mengine, nao huko hula na kunywa penye uchafu wa wanadamu.

Huko Hispania jambo hili laonekana wazi zaidi. Korongo wengi wa nchi hiyo wameacha hata kuhama, maana majalala ya miji huwapa chakula mwaka mzima bila taabu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kula majalalani ndiko kunakowaongezea hatari ya kubeba bakteria sugu. (Hao sio wajao kwetu. Wetu hutoka mashariki ya Ulaya, huvuka Bosphorus, hufuata bonde la Nile, na wafikapo hapa hula panzi na viwavi, yaani humsaidia mkulima bila kudai mshahara.) Korongo ni mchukuzi tu, na mzigo tumemtwika sisi.

Usugu wenyewe huanza hivi. Mtu akinywa dawa nusunusu, bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu husalia wakazaana. Tena huweza kupeana ile siri ya kuishinda dawa, hata aina moja kwa nyingine. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Yakadiriwa kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani waliuawa na bakteria sugu.

Ningependa ndugu yetu wa mawe afuatane nami nyuma ya jiko, alitazame shimo letu la taka. Halina kifuniko. Kunguru na yangeyange hushinda humo tangu asubuhi, kisha huenda kunywa katika bwawa tuchotealo maji ya bustani ya mboga. Humo shimoni nimeona pakiti za dawa, nyingine zikiwa bado na vidonge. Sasa nani amletea mwenzake ugonjwa?

Wala mimi si mtakatifu. Muhula uliopita niliumwa koo, nikapewa vidonge 15 vya amoksilini, vitatu kwa siku. Baada ya siku mbili nilijiona mzima, nikarudi uwanjani kucheza mpira. Rafiki yangu aliposhikwa na mafua nilimgawia vinne, na mafua hayasikii dawa hiyo hata kidogo, kwani hayatokani na bakteria. Vitano nikavifungia sandukuni pamoja na sabuni. Nimeuliza bwenini kwetu, na wengine watano wamekiri kuwa na akiba ya namna hiyo.

Kwa hiyo naomba shimo lile lifunikwe kabla ya Novemba ijayo, na zahanati ikubali kupokea dawa zilizosalia pasipo kumwadhibu mwenye kuzileta. Vyangu vitano nimekwisha kuvirudisha. Bibi Muuguzi alivihesabu, akafungua daftari lake, akaniuliza vingine vilikwenda wapi.