Mwachieni mtoto kona yake ya parsele

Safu ya kila wiki: Ua wa Nyumbani
Na Kavugho Musubao

Mzazi wa Butembo, Beni au Vuhovi akiulizwa kwa nini watoto wake hawana mahali pao pa kuchezea nyumbani, mara nyingi atataja pesa. Bembea ya chuma ni ya hoteli na ya shule za wenye uwezo, na mtelezo wa plastiki haukaribiki kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi na ada za sekondari juu yake. Maelezo hayo ni ya haki kabisa kuhusu bembea. Shida ni kwamba tunayahamishia kwenye bustani, ambako hayana mashiko. Parsele nyingi za kwetu, hata zile zilizobanwa katikati ya kartie kama Furu, zina ukanda fulani wa udongo nyuma ya jikoni au kando ya ua. Kinachokosekana pale ni ruhusa. Bustani ya kumfurahisha mtoto humdai mzazi kitu kigumu kuliko franka: aachie kipande cha ardhi, kisha aachie na neno la mwisho juu ya kitakachofanyika pale. Naamini mzazi akikubali gharama hiyo, pesa itakayotoka mfukoni ni ndogo mno, na akiikataa, hakuna kifaa cha dukani kitakachoziba pengo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya jambo hili unatoka mbali, Denmark, ila ulipatikana katika hali ambayo mtu wa Beni ataielewa upesi. Carl Theodor Sørensen alikuwa mbunifu wa bustani na viwanja. Alitengeneza viwanja vizuri vya michezo, kisha akaona watoto wakivipita na kwenda kucheza penye ujenzi, katikati ya mbao na matofali. Mwaka 1931 aliandika kupendekeza kiwanja cha vitu chakavu, na mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, cha kwanza kikafunguliwa Emdrup, jijini Copenhagen. Watoto walikuta pale udongo, mbao kuukuu, matofali na zana, wakajenga, wakabomoa, wakajenga tena. Mwaka 1946 Mwingereza mmoja, Lady Allen of Hurtwood, alikitembelea kiwanja hicho na kurudi na wazo hilo kwao, ambako lilitumika kwenye viwanja vilivyobaki magofu baada ya mabomu. Mwaka 1971 Simon Nicholson akaandika sababu yake: uwezo wa mtoto kubuni unategemea wingi wa vitu visivyofungwa mahali pamoja, vitu anavyoweza kuvihamisha, kuviunganisha na kuvitenganisha. Bembea ina kazi moja tu. Lundo la fito, makopo na udongo lina kazi nyingi kadiri mtoto atakavyofikiri.

Watoto wa Kivu ya Kaskazini wamelijua hilo bila kusoma kitabu cha mtu. Wanachonga chukudu ndogo kwa mfano wa zile kubwa za watu wazima, wanafunga mipira ya mifuko ya plastiki kwa kamba ya mgomba, wanayafanya makopo ya samaki kuwa malori. Wanatujia na ujuzi huo tayari, na sisi tunaufukuza nje ya ua. Tunasema wanachafua, wanapiga kelele, wanakanyaga lenga-lenga. Basi wanahamia barabarani, na barabara za Butembo leo ni za pikipiki zisizosimama na malori ya bidhaa. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba tunachagua kati ya mchezo na utulivu. Mchezo utakuwepo kwa vyovyote, na mzazi anachoweza kuamua ni upande gani wa ua utachezwa.

Nianze na kitu kimoja ambacho kwa maoni yangu kinashinda vingine vyote: kibanda cha maharagi. Wakulima wa Bashu na Lubero wanayafahamu vizuri maharagi yanayotambaa juu ya miti, maana hustawi katika baridi ya vilima vyetu, na Butembo iko mita zipatazo 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Chukua fito 8 za mkaratusi au za matete makavu, kila moja mita 2.5. Zichomeke ardhini kwa duara lenye upana wa mita 1.5, ziunganishe juu kwa kamba ya mgomba, na acha nafasi upande mmoja iwe mlango. Chini ya kila ufito weka mbegu 3. Kwa wiki moja hivi miche huchomoza, na huo ndio wakati mtoto huamka kabla ya wote ili akaangalie. Katika mwezi wa pili majani hufunika fito, na ndani panakuwa chumba cha kijani ambamo mtu mzima hawezi kuingia ila kwa kupiga magoti. Mwezi wa tatu unapokaribia kwisha, chumba hicho kinaning'inia maganda. Matumizi ni kiganja cha mbegu na nusu siku ya kazi. Beni mjini, ambako ni chini na kuna joto zaidi, maboga yataifanya kazi hiyo vizuri kuliko maharagi hayo, maadamu fito ziwe nene na zifungwe imara.

Boga lenyewe lina mchezo wake, ambao haugharimu chochote. Likiwa bado changa na ngozi yake ni laini, mtoto huandika jina lake juu yake kwa ncha ya msumari, akikwaruza tu bila kutoboa. Jeraha hilo hupona na kuacha kovu lililoinuka, na boga linavyonenepa ndivyo herufi zinavyopanuka. Watoto wetu wengi hubeba majina ya mpangilio wa kuzaliwa, na katika familia moja Kambale na Kasereka hufuatana kama ilivyo desturi. Kila mmoja akiwa na boga lenye jina lake, nyumba nzima itajua ni la nani limelala kwenye jua na la nani limesahauliwa kumwagiliwa. Kamba ya mgomba ikizungushwa kila Jumapili na kufungwa fundo, mtoto wa darasa la pili atakuwa anapima ukuaji bila kuambiwa kwamba hiyo ni hesabu.

Lakini vyote hivi hufa siku mzazi anapoingilia. Mche ukipandwa kombo, mzazi akaung'oa na kuupanda upya kwa mstari, kona imerudi kuwa yake na mtoto ameelewa hivyo. Akipanda maharagi kwa kina cha mkono mzima, yasiote, mwacheni achimbue aone yameoza. Akiamua nusu ya kona yake iwe shimo la matope la kupikia ugali wa uongo, hiyo ni nusu yake. Najua hili ni gumu kwa watu wanaoheshimu kilimo kama sisi, ambao tunamhukumu mtu kwa unyofu wa matuta yake. Hata hivyo hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Mtoto asiyeruhusiwa kukosea katika kona yake atakuwa anatumika katika shamba la mzazi wake, hata kama tumeipamba kwa maua.

Upinzani mzito kuliko wote unatoka kwa mama mwenye njaa nyumbani. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zimeacha mashamba ambayo hazithubutu kuyarudia. Baada ya Kanyabayonga kuchukuliwa na M23 mwishoni mwa Juni 2024, wengine wengi walipanda kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Parsele iliyokuwa na watu saba sasa ina watu kumi na watano, na uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 ulishaonyesha kwamba watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, huku Kivu zote mbili zikiwa juu ya kiwango hicho. Mtu anaweza kuniuliza kwa haki: katika hali hiyo unatoaje ardhi kwa mchezo? Jibu langu ni kwamba kibanda cha maharagi kinakula chini ya mita mbili za mraba na kinarudisha mashina 24 yenye maganda. Kwa hiyo ardhi haikutolewa kwenye chakula. Imepewa kazi ya pili. Tena kuna jambo la mdomo wa mtoto mwenyewe. Mwaka 2001, katika shule ya Collingwood College mjini Melbourne, Australia, mpishi Stephanie Alexander alianzisha mpango wa watoto kulima na kupika walichovuna. Vyuo vikuu vya Deakin na Melbourne vilipoutathmini baadaye vilikuta watoto hao wako tayari zaidi kuonja vyakula wasivyovizoea. Hilo haliponyi udumavu, na nisingependa mtu alichukue hivyo. Ila kila mama aliyewahi kubembeleza mtoto ale mboga za majani anajua thamani ya mtoto anayezichuma mwenyewe na kuzileta jikoni.

Wazee wetu wana hoja nyingine, nami naiheshimu: mtoto hujifunza kulima kwa kulima, akimfuata mama yake na jembe, wala si kwa kuchezea udongo. Ni kweli kwamba vizazi vingi vya Wanande vilijifunza hivyo na vikavilisha vilima hivi. Lakini tazama tumelifanya nini jembe tangu hapo. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele hupewa jembe kama adhabu. Watu wa enzi ya Mobutu walilijua katika salongo, kazi ya lazima iliyopewa jina zuri. Halafu tunashangaa kijana wa Vuhovi akiuza kondoo wa familia ili anunue pikipiki na kushuka mjini. Simlaumu, maana pikipiki inalisha watu. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyekutana na ardhi kwanza kama adhabu ataikimbia mara tu miguu yake itakapopata nguvu, na kazi ya shambani aliyoizoea mzee inahitaji leo kitu kinachoitangulia, yaani miaka michache ambamo udongo ni wa kupendwa. Jembe la kazi litakuja tu. Hakuna mtoto wa kwetu atakayelikwepa.

Wapo pia watakaosema kwamba kuandika juu ya mchezo wakati watu wanazikwa ni kukosa adabu. Kwa walio katika vijiji vinavyoshambuliwa sina la kuwaambia kuhusu bustani. Wao wana la kuokoa kwanza. Kwa sisi tulio mahali ambapo usiku unapita salama, nadhani jambo ni kinyume. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza, wala hauisimamishi haki hiyo vita vinapoanza. Tukumbuke pia Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, eneo la afya la Vuhovi likiwa miongoni mwa yaliyoguswa. Kwa karibu miaka miwili watoto waliambiwa wasiguse: wasiguse mkono wa shangazi, wasimguse mgonjwa, wasiguse maiti ya babu. Kabla hawajapumua ikaja Korona, na shule zikafungwa Machi 2020. Kizazi kilichofundishwa kuogopa mikono yake kinastahili mahali ambapo mkono unaruhusiwa kuingia kwenye udongo hadi kiwiko, kisha ukaoshwa kwa sabuni kama tulivyojifunza wakati huo.

Usalama hauna mjadala mrefu. Mnyaa unaofanya ua wa parsele nyingi una maziwa yanayoumiza macho vibaya, na mbegu za mbarika ni sumu. Kona ya mtoto ikae mbali na vyote viwili. Tairi kuukuu likigeuzwa kitalu litobolewe chini, la sivyo litatunza maji na kuzalisha mbu. Chupa iliyobeba dawa ya wadudu isirudi kamwe kuwa chombo cha kumwagilia, hata ikioshwa mara kumi. Na mbuzi hawaheshimu mali ya mtoto, basi panahitajika kizuizi cha matete.

Mpangaji, ambaye mwenye nyumba hamruhusu kuchimba, ana bidoni la lita 20 lililopasuka. Likikatwa ubavuni na kujazwa udongo uliochanganywa na mbolea ya kuku, linabeba lenga-lenga au vitunguu, na siku ya kuhama linahama naye. Familia iliyokimbia na kupokewa kwa ndugu inaweza kufanya hivyo kwa gunia. Maji, ambayo kwetu huchotwa mbali na kubebwa kichwani, yapatikane kwa kuosha: yaliyosuuza mchele na mboga yanatosha kona ya ukubwa huo siku isiyo na mvua. Na majira yanatusaidia zaidi kuliko tunavyofikiri. Mvua za pili hurudi Agosti, wakati shule bado zimefungwa hadi mwanzoni mwa Septemba. Fito zikikatwa Julai na mbegu zikaingia ardhini katikati ya Agosti, mtoto atakuwa nyumbani zinapochomoza, na kibanda kitakuwa kimefunikwa Oktoba anaporudi kutoka darasani mchana akitafuta pa kukaa.