Meno ya bandia yakivunjika, gundi si dawa

Ndugu Waislamu, zipo familia ambazo mzee akivunjikiwa meno yake ya bandia, jambo la kwanza ni kumtuma kijana dukani akanunue supa gluu. Vipande vinaunganishwa, mzee anayarudisha meno kinywani, na watu wa nyumbani wanaona wameokoa fedha. Kwa maoni yetu huko si kuokoa fedha, ni kumdhulumu mzee.

Gundi ile haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Vipande vikipishana hata kidogo tu, meno hayakai tena sawasawa. Yanachubua fizi, kisha yanavunjika upya. Yakifikishwa kwa fundi, naye anapata taabu, maana gundi imekwishaharibu kingo za vipande.

Yanavunjika kwa nini? Meno haya kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Sababu ya kwanza ni kuanguka. Mtu anayasafisha bombani, au ameyatoa ili asukutue wakati wa udhu, mkono umelowa, yanateleza na kupiga sakafu ya saruji.

Sababu ya pili imejificha. Meno ya asili yakishang'olewa, mfupa wa taya huendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka, lakini meno ya bandia hubaki na umbo lake. Yaliyomkaa mzee vizuri zamani, leo yanacheza. Kila anapotafuna yanapinda kidogo, mpaka yanapata ufa katikati. Siku yanapokatika kwa tonge la wali, mzee analaumiwa kwa uzembe, kumbe ufa ulianza zamani.

Kinga yake si ngumu. Yaoshwe juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Mswaki laini na sabuni vinatosha. Majivu na mchanga huyakwaruza, na maji ya moto huyapinda. Usiku yatolewe, yalowekwe katika maji safi ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na watoto. Miwa na mifupa si kazi yake. Yakianza kucheza, mzee apelekwe kwa daktari wa meno mapema, kwani yanaweza kuongezwa akriliki kwa ndani yakakaa upya.

Yakivunjika, kusanyeni vipande vyote, hata vidogo, mvipeleke kwa daktari wa meno. Mara nyingi hutengenezeka. Wakati huo mzee asivae kipande chochote, na apikiwe vyakula laini.

Tunajua hali za maisha ni ngumu. Lakini mzee asiye na meno huacha nyama, hukwepa walima, na huziba mdomo kwa kiganja anapozungumza na wajukuu. Kuwafanyia wema wazazi ni amri, si hisani. Ikiwa ndugu tunakaa kikao kuchangia harusi, basi na tukae kikao kuchangia meno ya mama.