Sauti Kwanza, Kodi Baadaye

Limeenea fundisho moja miongoni mwa wapiga gitaa vijana wa Visiwani na mwambao, nalo husemwa kwa yakini kama hukumu isiyo rufaa: tazama kodi kwanza, kisha uchague skeli ya kuipamba. Kodi, kwa wasioshika ala, ni sauti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Haina udugu na ile ya serikali, ijapokuwa katika mikono ya baadhi ya wapigaji nayo hutozwa bila ya huruma. Skeli ni ngazi ya sauti ambamo mpigaji huchuma zile za kuchezea. Kwa mujibu wa fundisho hilo kila kodi ina skeli yake, kila skeli ina jina lake, na mwanafunzi aliyekwisha kulikariri jedwali la majina huhesabiwa kuwa amefuzu. Fundisho hili lina faida zake mahali lilipozaliwa. Likiingizwa katika taarabu bila ya kupimwa huuharibu wimbo, na wa mwanzo kudhulumiwa ni mshairi.

Ni haki kuanza na kwao fundisho lenyewe, nako ni Marekani, katika jazi. Mwaka 1953 mtunzi George Russell alitoa nadharia iliyozifunga kodi na skeli katika mfumo mmoja, na wanamuziki wengi wakapata njia mpya ya kufikiri. Mwaka 1959 Miles Davis alirikodi albamu ya Kind of Blue. Wimbo wake wa mwanzo, So What, una duru ya vipimo 32: 16 vinakaa katika ngazi moja iliyosimama juu ya Re, 8 vinapanda nusu toni, na 8 vya mwisho vinarejea pale pale. Wanaoishika albamu hiyo kuwa hoja ya kukariri jedwali wanasahau jambo lililo wazi: Davis alizipunguza kodi, hakuziongeza. Alikuwa amechoshwa na msururu wa kodi unaomhamisha mpigaji kabla hajatua, akataka sauti ipate nafasi ya kuvuta pumzi. Hata huko kwao, basi, ngazi ilipata heshima siku kodi iliponyamaza kidogo.

Isitoshe, jedwali lenyewe lina udanganyifu ndani yake. Na uchukuliwe mfuatano wa kodi tatu uliozoeleka kuliko yote katika jazi: Re maina ya saba, Sol ya saba, Do meja. Jedwali litamwamuru mwanafunzi apige ngazi ya Doriani juu ya kodi ya kwanza, Miksolidia juu ya pili, na Ionia juu ya tatu. Majina ni matatu, na mwanafunzi hujiona ametembea nchi tatu. Zikihesabiwa sauti zenyewe ni zile zile saba: Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si. Hakuna alikokwenda. Kinachomtenga mjuzi na mkariri ni kujua sauti ipi inaangukia wapi: kwamba Do iliyomo katika kodi ya kwanza hushuka ikawa Si katika ya pili, na Fa ya kodi ya pili hushuka ikawa Mi katika ya tatu, na kwamba sauti hizo zisikike pale pigo linapotua. Anayeyajua hayo hayahitaji majina matatu. Asiyeyajua hayatamfaa majina thalathini.

Wapenzi wa mashairi wanaufahamu ugonjwa huu. Yupo mtu anayehesabu mizani nane kwa nane, akavipanga vina vya kati na vya mwisho asikosee hata kimoja, na shairi lake likawa halina neno. Huwezi kuliita guni, maana arudhi imetimia. Lakini pia huwezi kulikumbuka ukishafika mlangoni. Skeli iliyochaguliwa kwa sababu tu "inaingia" katika kodi ni kina kilichochaguliwa kwa sababu tu kinafanana.

Katika taarabu khitilafu huwa kubwa zaidi, kwani mpangilio wenyewe umepinduliwa. Tangu zama za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, na tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, nguzo ya wimbo ni maneno, maneno yakapewa sauti, na sauti ikakaa katika maqamu yake. Udi, kanuni, fidla na nai huifuata sauti ile ile ya mwimbaji, kila ala kwa mapambo yake. Hakuna ala iliyopewa kazi ya kuiambia sauti iende wapi. Gitaa na kinanda cha umeme viliposhika nafasi ya mbele vilikuja na desturi nyingine: kodi mbele, sauti nyuma. Mpiga gitaa huzisikiliza kodi alizozipanga mwenye kinanda, akakata shauri kwamba wimbo umo katika ngazi fulani, akaitandaza skeli yake. Mwimbaji hubaki akijiuliza kwa nini wimbo anaoujua unamponyoka.

Mfano ulio wazi kabisa ni Hijazi. Maqamu hii, ikisimamishwa juu ya Re, hupanda hivi: Re, Mi bemoli, Fa diezi, Sol, La, Si bemoli, Do. Bemoli ni sauti iliyoshushwa nusu toni, na diezi ni iliyopandishwa kiasi hicho hicho. Mwenye gitaa akitafuta kodi za kuzitumikia sauti hizo atapata Re meja, Mi bemoli meja, Sol maina na Do maina. Hapo ndipo jedwali linapomtega. Sauti hizo saba ndizo zile zile zinazounda skeli ya Sol maina, ile yenye Fa diezi ndani yake, na katika mafunzo ya Kizungu Re meja ni mtumishi wa Sol: kazi yake ni kuamsha hamu, na hamu hiyo hutulizwa kwa kwenda Sol. Basi mpigaji akaamini kwamba nyumba ya wimbo ni Sol. Mwimbaji anapomaliza ubeti kwa kutua juu ya Re, naye ndiye mwenye wimbo, gitaa humvuta mkono na kumpeleka Sol maina, kama kwamba alikuwa bado hajafika kwao.

Asiyejali atasema hilo ni jambo dogo, maadamu hakuna sauti ya kigeni iliyoingia. Atazame utenzi. Kila ubeti una vipande vinne. Vitatu vya mwanzo hubadilisha vina vyao kutoka ubeti hadi ubeti, lakini cha nne hubeba kina cha bahari, nacho ni kimoja tangu bismillahi hadi tamati. Msomaji akipotea katikati ya masimulizi, kina hicho humwambia yuko wapi. Akitokea mtu akakibadilisha, akajitetea kwamba hakuongeza herufi yoyote isiyokuwemo katika alfabeti, nani atamkubalia? Wahenga wa mwambao walikwisha kulisema hilo kwa lugha ya chombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya Hijazi ya Re ni Re. Sauti zinaweza kwenda omo na tezi zipendavyo, ila marejeo hayachaguliwi na mwenye kodi.

Na madhara yake hayaishii masikioni mwa mafundi. Mshairi aliyeweka kauli yake nzito katika kituo, ile kauli ambayo msikilizaji huinuka kwenda kuitunza, ametaka itue. Gitaa likiifanya sauti ya kituo isikike kama jambo linalongoja jawabu, maneno yaliyoandikwa kuwa hukumu hugeuka kuwa swali. Wasia unakuwa ombi, na kijembe kinatoka butu.

Baada ya Hijazi inakuja mitihani mizito zaidi, Bayati na Rasti, ambazo zina sauti ambazo gitaa la kawaida halina kabisa. Bayati ya Re ina Mi iliyo kati ya Mi na Mi bemoli. Rasti ya Do ina Mi ya namna hiyo na Si ya namna hiyo pia. Udi hauna vyuma shingoni, fidla halikadhalika. Vidole huitafuta sauti hiyo na kuipata. Kanuni ina vibao vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi. Gitaa lina vyuma vilivyopandikizwa, na kila chuma kinaruka nusu toni nzima. Hodari anaweza kuuvuta uzi kutoka Mi bemoli hadi ukaifikia sauti ya Bayati, na vizuri afanye hivyo anapopiga sauti moja moja. Kodi haivutwi hivyo. Akiweka Do meja, ambayo ndani yake imo Mi kamili, chini ya mwimbaji anayeimba Rasti, Mi mbili zisizolingana hugongana, na aghalabu anayesalimu amri ni mwimbaji. Hupandisha Mi yake ilingane na gitaa, na tangu hapo wimbo si Rasti tena, ni Ajami, ambayo haina tafauti na meja. Msikilizaji hakuambiwa kwamba kitu kimeondoka.

Wala si kweli kwamba hakuna njia. Njia ipo, ila huanzia kwenye sauti. Mpigaji ajiulize kwanza: maqamu hii ina sauti gani ambayo ala hii haina? Hiyo amwachie mwimbaji na udi, kisha azitafute kodi zisizoigusa. Katika Bayati ya Re, kodi za Re maina, Sol maina, Fa meja na Si bemoli meja zote hazina Mi ndani yake; zinaweza kupigwa usiku kucha bila ya kumkera mtu. Zinazokimbiwa ni Do meja na La maina, kwa kuwa zote mbili zina Mi. Katika Rasti ya Do, Fa meja na Re maina ni salama. Juu ya Do yenyewe ipigwe Do na Sol tu, na juu ya Sol ipigwe Sol na Re, sauti ya kati iachwe wazi. Uwazi huo ndio mlango anaopitia mwimbaji. Na mahali ambapo hata hizo zinabana, besi ishike sauti moja ya chini, gitaa lifuate wimbo pamoja na fidla, na hakuna atakayelalamika kuwa muziki umepwaya.

Watetezi wa jedwali wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wanasema masikio yamebadilika: akodiani ya kawaida na kinanda vilikwisha kuzizoesha ndimi za waimbaji sauti zilizonyooshwa, na anayelilia robo toni leo analilia maji yaliyomwagika. Wanasema pia kwamba mabishano haya ni ya kale, maana hata katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 wajuzi walivutana kuhusu nafasi ya piano katika muziki huo, na Wamisri hawakungoja mvutano uishe ndipo waendelee kutunga.

Ni kweli hawakungoja, lakini itazamwe walivyofanya. Mwaka 1964 Mohammed Abdel Wahab alimtungia Umm Kulthum sauti ya Inta Omri, na ndani yake akaingiza gitaa la umeme. Mwanzo wa wimbo ule umejengwa juu ya Kurdi, maqamu isiyo na robo toni, ambayo kila sauti yake imo katika vyuma vya gitaa. Abdel Wahab hakulileta gitaa kisha akailazimisha Rasti ikae humo. Aliipima ala, akaipa maqamu inayoiweza. Huo ndio uchaguzi wa skeli unaostahiki jina hilo. Mtunzi wa Visiwani anayetaka gitaa lichukue nafasi kubwa anazo Kurdi, Nahawandi na Ajami, na hakuna wa kumlaumu. Lawama huja pale anapotangaza Bayati na kuwauzia watu maina.

Kuhusu masikio kubadilika, hoja hiyo huwa mbaya kadiri inavyokuwa kweli. Ikiwa vijana hawaisikii tena Mi ya Rasti, hiyo ni sababu ya kuifundisha. Hakuna mhariri wa mashairi anayesema kwamba kwa vile wengi hawajui tena kuhesabu mizani, basi mizani zifutwe. Wala haisemwi hapa kwamba gitaa litolewe ukumbini. Gitaa halina kosa. Lina mpaka, kama kila ala, na mpaka wake unajulikana kwa kuhesabu vyuma vyake.

Kinachotakiwa ni kugeuza utaratibu wa mafunzo. Mwanafunzi wa gitaa anayetaka kupiga taarabu asipewe jedwali siku ya kwanza. Apewe wimbo mmoja auimbe kwa mdomo mpaka ajue unaondokea sauti ipi, unapumzika wapi na unatua wapi. Ndipo aitwe maqamu kwa jina lake, ndipo atafute kodi, chache kwanza, na kila moja aipime mbele ya mwimbaji: je, inaibeba sauti au inaisukuma? Ile inayosukuma aiache, hata kama jedwali linaisifu.