Kinyonga Si Tusi

Jumapili moja mjukuu wangu alikuwa ameinamia meza ya jikoni, hapa kwetu Kenton, ughaibuni, ulimi nje, akimchora basiliski. Alimpa taji, mkia mara mbili ya mwili na macho mekundu. "Babu, ukimtazama tu unakufa," akanionya. Kamjulia wapi? Kwenye Harry Potter, wapi tena.

Basiliski wa kweli hajamuua mtu. Ni mjusi wa misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, na jina lake la Kigiriki maana yake ni mfalme mdogo, kwa ajili ya kile kishungi cha kichwani. Akikurupushwa hujitupa mtoni akakimbia juu ya maji kwa miguu ya nyuma. Huko wanamwita mjusi Yesu. Siri iko vidoleni: ni virefu, vina vikunjo vya ngozi pembeni, na kila akipiga hatua huchimba shimo la hewa majini, kisha huchomoa mguu kabla shimo halijajifunga. Vitoto vyake, kwa wepesi wao, hufika mbali kuliko wazazi. Mtu wa kilo 80 angetaka kumwiga ingebidi akimbie mita 30 kwa sekunde. Usain Bolt hakufika hata nusu.

Haya yote mjukuu wangu aliyasikiliza kwa hamu. Nilipomwambia kwamba huyo mfalme wake ana jamaa wa mbali kule Amani, juu ya Muheza, nilikozaliwa, akaduwaa. Jamaa gani? Kinyonga.

Hapo ndipo lilipozaliwa toleo hili la kinyonga la gazeti letu. Nilipomweleza mwenye duka ninakonunua mchele Kenton Road, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi, alicheka: "Kinyonga akiingia humu, mimi nafunga duka." Simlaumu. Sisi watoto wa Muheza tulimrushia mawe, tukiamini ni mkosi. Tulipokua tukamfanya tusi: mwanasiasa akihama chama ni kinyonga, kazi ikichelewa ni mwendo wa kinyonga. Zaidi ya hapo hatuna habari naye.

Wenzetu wanayo. Mwaka 2006 wanasayansi walipowatenga vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki katika jenasi yao wenyewe, walitafuta jina na wakalikuta kinywani mwetu: Kinyongia. Leo jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za milimani tu. Dume wa Usambara, milima ya kwetu Amani, ana pembe mbili bapa zinazotokeza puani kama koleo. Kwa miaka mingi vinyonga hao wa pembe mbili, wa Usambara na wa milima jirani, walihesabiwa spishi moja, mpaka mwaka 2008 walipotenganishwa. Na yupo mmoja aliyejulikana kwa bahati ya ajabu: katika msitu wa Magombera, Bonde la Kilombero, mtafiti alimshtua nyoka aliyekuwa akila, nyoka akamwachia kinyonga ambaye sayansi haikuwa imemwandika. Mwaka 2009 akapewa jina Kinyongia magomberae. Soma tena jina hilo polepole. Ni la kwetu lote, ila mikia miwili ya Kilatini.

Ndiyo maana nimekataa picha ya basiliski kwenye jalada, ingawa wenzangu wa bodi waliipenda, na kweli ni nzuri. Mtoto wa Kenton atakutana na basiliski popote. Dume wa Amani atamwona wapi, kama si katika gazeti la lugha iliyompa jina? Makala za ndani zimeandikwa na watu wa Lushoto, Taita na Tanga, nazo hazimwiti yeyote mkosi.

Nasi bado tuna deni kwa mijusi wengine. Kenge, guruguru na mjusi kafiri tunawajua. Msomaji, kama kwenu kuna mjusi wa msituni mwenye jina ambalo hulioni humu, tuandikie kabla ya toleo lijalo, na utueleze anakaa mti gani.