Mkutano wa Kijiji Hauna Mamlaka ya Kumtaja Mchawi

Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, lakini kauli kuhusu uchawi na sheria hazikumegwa. Utazisikia pande zote mbili, ghalani wakati korosho zinapopimwa, msibani, hata kwenye bodaboda, na msemaji huzitoa kana kwamba kaimaliza sheria yote jana usiku. Nyingi hazimo katika sheria yoyote. Nazijibu zile zinazowagharimu watu.

"Serikali haiamini uchawi, ndiyo maana hakuna sheria." Sheria ipo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa na Waingereza mwaka 1928 ikachukua nafasi ya ile ya 1922, na hadi leo inatumika Tanzania Bara. Inamtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, anayemiliki au kumpa mwenzake zana zake, anayeshauri namna ya kuutumia, na anayetishia kuutumia. Mtu aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa mikorosho akamwambia, "Nitakuroga, msimu huu huvuni," kosa kashalitenda, hata kama mikorosho ya jirani itazaa mpaka matawi yainame.

"Basi kama sheria ipo, serikali imekiri kwamba uchawi upo." Hilo nalo halifuati. Asili ya sheria za namna hii ni Uingereza, ambako mwaka 1735 Bunge liliacha kuwaua wachawi na badala yake likaanza kuwafunga wanaojifanya wana uwezo huo. Helen Duncan alifungwa kwa sheria hiyo mwaka 1944, katikati ya vita kuu, na ikafutwa 1951. Sheria yetu imerithi mkondo huo: inaangalia madai, vitisho na vitu vilivyokutwa nyumbani. Hakimu hatakiwi kuamua kama mtu alipaa usiku kwa ungo. Hata hivyo sheria yenyewe ina kigugumizi. Inatoa adhabu kubwa zaidi pale uchawi unapofanywa kwa nia ya kuleta kifo au maradhi, na msomaji ana haki ya kuuliza kitu ambacho hakipo kinakusudiwaje kuua.

"Simba aliyekula mtu ni simba-mtu, na anayemtuma anajulikana." Hapa kusini kauli hii si mzaha. Tangu 1990 hadi 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 Tanzania, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia vibaya zaidi. Watafiti walipofuatilia matukio hayo walimkuta mnyama mwingine nyuma ya simba: nguruwe pori. Nguruwe huingia shambani mazao yanapokaribia kukomaa, mkulima analazimika kulala dungu kuyalinda, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta binadamu ndani ya kibanda cha miti na nyasi. Ndiyo maana mashambulizi huongezeka msimu wa mavuno. Ukisimama mbele ya dungu lenyewe, vijiti vinne na paa la majani lisilo na mlango, hutahitaji kumtafuta bibi wa kumlaumu. Mahakamani, simba kuonekana karibu na nyumba ya mtu si ushahidi wa kosa lolote.

Sasa kauli ninayoiona hatari kuliko zote: "Mkutano wa kijiji ukishaamua, imekuwa halali." Mambo huenda hivi. Vifo vinafuatana, mkutano unaitwa, kila kaya inachangishwa, na fundi wa kutoa uchawi anaagizwa kutoka mbali. Wengine hupelekwa kwa fundi hukohuko aliko. Ulanga, kwa mfano, ilipata sifa ya kunyoa wachawi: mtuhumiwa ananyolewa nywele na kunyweshwa dawa, na mara nyingi aliyemtuhumu naye ananyolewa, ili wote warudi nyumbani wakiwa sawa. Wapo wanaoutetea utaratibu huo kwamba angalau hauui, na kweli ni afadhali wembe kuliko panga. Lakini hiari iko wapi pale mzee wa miaka sabini anapoambiwa anyolewe au ahame?

Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na sheria ndogo hizo hazina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya izikubali. Hakuna halmashauri inayoweza kuidhinisha kumnyoa mtu kwa nguvu, kumtoza faini kwa ulozi au kumfukuza kijijini. Mchango wa lazima wa kumlipa fundi nao hauna mguu wa kusimamia. Katiba, Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, na huyu wa kijijini hata kushtakiwa hajashtakiwa.

Watu hujibu, "Mbona serikali yenyewe ilipigisha kura za siri?" Kweli, Machi 2009 wananchi wa Kanda ya Ziwa waliandika kwenye karatasi majina ya waliowashuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Binafsi sikuona busara yake. Ila karatasi zile zilikuwa taarifa za kupelekwa polisi zikachunguzwe. Hazikumpa mwenyekiti wa kitongoji ruhusa ya kuhukumu.

"Mganga ana cheti, kwa hiyo anaruhusiwa kutaja." Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ni cha kutibu. Wapiga ramli walipigwa marufuku Januari 2015, na hakuna cheti kinachogeuza ramli kuwa ushahidi.

"Aliyeua mchawi hafungwi." Anafungwa, na kwa kosa la kuua kwa kukusudia adhabu katika vitabu vyetu ni kifo. Kauli hii imezaliwa na nusu ya ukweli. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Fabiano Kinene lililotoka Uganda, ilikubali utetezi wa kughadhibishwa kwa sababu marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi uani kwa mtu. Miaka 10 baadaye, katika shauri la Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo ikabana mlango: kuamini tu kwamba umerogwa hakutoshi, lazima pawe na tendo lililofanyika mbele yako papo hapo. Kundi linalokwenda alfajiri na mapanga baada ya kuongea na mganga jana yake halina tendo kama hilo. Na kila aliyekuwa kundini anabanwa na nia ya pamoja, si yule aliyeshika panga peke yake. Kati ya 1970 na 1984 serikali ilihesabu watu 3,693 waliouawa nchini kwa tuhuma hizi, wengi Usukumani, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake.

"Sheria ya mzungu inawalinda wachawi, zamani wazee walimaliza wenyewe." Walimaliza kwa mwavi. Mtuhumiwa alinyweshwa sumu, akitapika ni msafi, akifa alikuwa mchawi. Anayeutamani utaratibu huo ajiulize kama angekubali yeye kuwa wa kwanza kunywa.

Malalamiko yenye uzito yako kwingine, nayo hayasikiki vijiweni. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Uchawi kinamruhusu mkuu wa wilaya kumchunguza mtu anayeshukiwa na, akiridhika kwamba anatia watu hofu, kumwamuru akae mahali fulani na kuripoti kila baada ya siku saba. Hakuna kesi wala wakili. Uganda ilikuwa na amri ya kumtenga mtu na kwao iliyotolewa na mahakama, tena baada ya kesi, na hata hiyo Mahakama ya Katiba iliitupa mwaka 1997 katika shauri la Salvatori Abuki, kwa sababu kumtoa mtu kwenye shamba lake ni kumnyima riziki. Cha kwetu kingali kitabuni, na mimi ningekifuta kesho.

Mpaka kifutwe, aliyetajwa mkutanoni hana wajibu wa kuthibitisha kwamba si mchawi. Aandike tarehe, majina ya waliomtaja na ya mashahidi wawili watatu, aende polisi Nachingwea au Ruangwa mjini, na adai namba ya RB kabla hajaondoka kaunta.